Zamu ya Maji ya Mzee wa Solo

Wewe unayenisikiliza, huenda hujawahi kushika gitaa, na huenda unalipiga kunishinda. Kwa vyovyote nitakueleza taratibu, na hutapotea njiani. Ila kabla hatujafika kwenye gitaa, naomba kwanza ufikirie mfereji wa maji.

Huku kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mfereji huo tunauita mfongo. Unachukua maji mtoni huko juu karibu na msitu, unayateremsha katikati ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani yenye migomba na kahawa, na kila nyumba ina zamu yake. Zamu yako ikifika unakwenda na jembe, unafungua upande wako, maji yanaingia. Ikiisha unaziba kwa udongo, majani na kipande cha mgomba, kisha unakanyaga kwa kisigino mpaka pakaze, na maji yanashuka kwa jirani. Anayefungua wakati si zamu yake, au anayechelewa kuziba, anaitwa mwizi wa maji. Jina hilo ni zito. Wapo watu waliosameheana mambo makubwa ya ndoa na mipaka ya mashamba, lakini ukiwauliza habari za maji yaliyoibwa zamani, bado wanainua kidole kuonyesha ni nyumba ipi.

Sasa tuje kwenye gitaa.

Mtu ninayetaka umfahamu tunamwita Mzee wa Solo. Katika bendi watu huitwa kwa kazi zao. Mimi ni Ridhim, kwa sababu napiga gitaa la kujaza, lile linaloshika kodi za wimbo tangu mwanzo hadi mwisho. Sisemi kodi ya nyumba. Kodi kwetu ni sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kuna Besi, mkulima wa mpunga kutoka Chekereni, mwenye vidole vinene na maneno mengi. Na kuna Solo, anayelifanya gitaa liimbe juu ya wengine wote. Mzee wetu alipiga solo ya muziki wa roki, muziki wa gitaa lenye sauti nene inayokwaruza, katika mji ambao harusi zinataka kitu laini cha kucheza wakati wa keki. Alipiga hivyo hivyo, na harusi zikamzoea.

Kwa miaka mingi wapiga gitaa wa Moshi walimfuata kama nyuki wanavyofuata maua ya kahawa. Wengine walikuja kutoka Arusha, wengine walivuka mpaka. Lakini miaka ya karibuni tuliomjua tulikuwa na swali moja ambalo hakuna aliyetaka kulisema mbele yake. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kukakamaa kwa baridi yabisi. Mwaka baada ya mwaka viligoma zaidi, naye hakuonyesha dalili ya kuacha. Mtu aliyetufundisha sote kufunga maji kwa wakati, yaani kumwachia mwenzako zamu, je, ataweza kuyafunga ya kwake? Au naye atakuwa kama wale wakongwe wanaobaki jukwaani mpaka watu waanze kuangalia pembeni?

Nishikie swali hilo. Kwanza nikuonyeshe walichokuwa wakikifuata wapiga gitaa wale.

Wengi walianza na sauti. Gitaa lake ni jekundu, la zamani, shingo iliwahi kuvunjika na fundi seremala wa mtaa wa Majengo akaiunga kwa gundi na skrubu mbili. Sakafuni aliweka kisanduku kimoja tu cha mguuni, kile kinachoifanya sauti ikwaruze, nacho kilikuwa kimechubuka rangi yote. Piki yake, kile kipande cha kupigia nyuzi, aliichonga mwenyewe kutoka kwenye pembe ya ng'ombe wake aliyekufa. Alisema ng'ombe yule alikuwa na kelele akiwa hai, kwa hiyo ni haki aendelee.

Siku moja alikuja mpiga gitaa kutoka ng'ambo, amepitia mpakani Holili na gitaa jipya mgongoni. Tulikuwa tunafanya mazoezi chumbani kwangu Majengo. Akamwamkia Mzee shikamoo kwa adabu zote, akaeleza kwamba amekuja kwa ajili ya kile kisanduku, kwani amesikia siri iko pale. Mzee akainuka, akampa kiti chake, gitaa lake, piki ya pembe na kisanduku. Mgeni akapiga. Akapiga tena. Akatazama chini kwenye kisanduku kama mtu aliyepewa chenji pungufu.

"Mbona inatoka kama ya kwangu?"

"Ulitaka itoke ya nani?" Mzee akamwuliza.

"Nimetoka mbali, mzee wangu."

"Basi umeitembeza sauti yako. Imepata hewa."

Besi alicheka mpaka akaweka gitaa chini. Lakini Mzee hakuwa anamkejeli yule mgeni. Alimwambia arudie kile kipande cha pili, kwa kuwa kilikuwa na kitu. Alimsikiliza kwa makini, akampa chai, na mgeni alipoondoka alikuwa amesahau habari za kisanduku. Hiyo ilikuwa tabia yake. Aliamini kila mtu amekuja na sauti, na kazi ya mwalimu ni kumzuia mtu asiitupe akiwa anatafuta ya jirani.

Ukiniuliza mimi, niliyesimama kushoto kwake miaka yote hiyo, siri ilikuwa mikononi na ilionekana wazi kwa anayetazama. Mpiga solo anapovuta uzi, sauti inapanda. Wengi wakishafika juu wanaanza papo hapo kuutikisa uzi ili sauti itetemeke, kama mtu anayetia sukari kabla hajaonja. Mzee aliiacha sauti isimame kwanza, ikiwa imenyooka na haina pambo. Aliitikisa pale tu ilipoanza kufa. Ukisikia mara ya kwanza hujui umefanywa nini, ila nywele za mkono zinasimama.

Pia alipumua. Hili si fumbo. Kila Jumapili alipiga gitaa kanisani kwake Machame pamoja na kikundi cha matarumbeta, na mpiga tarumbeta pumzi ikiisha hana ujanja, lazima anyamaze. Mzee alijifunza kupiga kwa pumzi zao. Alivuta hewa, akapiga, hewa ikiisha akaacha, hata kama vidole bado vilikuwa na hamu. Ninapowafundisha wengine gitaa, hilo ndilo somo la kwanza ninalowapa, na ndilo wanalolikataa kwa muda mrefu zaidi.

Lakini kilichomtofautisha kabisa ni ule mfongo niliokuomba uufikirie. Aliiongoza bendi nzima kwa lugha ya maji. Mwimbaji akiimba, maji ni ya mwimbaji. Ukipachika vijisauti vyako vya gitaa juu ya maneno yake, alikugeukia akasema kwa upole, "Unaiba maji." Hakuwahi kusema umekosea kodi, wala umechelewa. Makosa hayo aliyaona ya kawaida, kama jembe kuteleza. Kuiba maji ndiyo dhambi aliyoijali.

Na zamu yake ya solo ilipofika, alifungua. Kwa kidole kidogo cha mkono wa kulia aligusa kitufe cha sauti kilichoko kwenye gitaa, akakizungusha kidogo tu, na ile sauti nene ikajaa kama maji yanapogonga udongo mkavu. Haikudumu. Watu walipoanza kuizoea tu, kidole kile kikazungusha kitufe kurudi, na kisigino cha kulia kikakanyaga jukwaa mara moja, kwa nguvu. Alikuwa amefunga. Sisi tulijua: kisigino kikikanyaga, maji yamehama, anayefuata aingie.

Sasa sikiliza kilichotokea kwa kisigino hicho. Vijana wa mjini waliokuja kumtazama walidhani ni mtindo. Nenda leo kwenye onyesho lolote la roki hapa Moshi utawaona wapiga solo wanakanyaga kisigino, tena wengine katikati ya solo, wengine mara mbili mbili, na wanaendelea kupiga. Mzee alipoliona hilo mara ya kwanza alishangaa sana. Alisema hajawahi kuona watu wanaziba mfereji huku wamesimama ndani ya maji.

Na si kisigino tu. Magitaa ya vijana wa Moshi yote yamelegezwa nyuzi, sauti ikashuka nusu hatua kuliko kawaida. Ukiwauliza, watakuambia ndiyo siri ya uzito wa roki ya Mzee, sauti ya chini, sauti ya mlima. Wamebishana hadi wakagombana juu ya jambo hilo. Ukweli ni kwamba matarumbeta ya kanisani yanapenda funguo, yaani sauti za kuanzia wimbo, ambazo gitaa halizipendi. Ukilegeza nyuzi kwa nusu hatua, unashika kodi zile zile rahisi unazozijua, na unajikuta umekaa sawa na matarumbeta. Mzee alilegeza kwa ajili ya nyimbo za Jumapili, na kwa kuwa alikuwa mvivu wa kukaza tena kwa ajili ya Jumamosi, akaacha. Mji mzima unapiga roki katika ufunguo wa ibada na haujui. Nilimwuliza kwa nini hawaambii. Akasema, "Wakijua wataacha, na hizo nyuzi zikilegea hazikatiki ovyo. Waache wafaidi."

Usidhani nakuchorea malaika. Mtu huyu aliyewapa wengine nafasi jukwaani, mezani hakumpa mtu hata tone. Akianza kusimulia, chai inapoa, mtori, supu yetu ya ndizi, unaganda, wageni wanaangalia mlango. Ukivuta pumzi useme neno, ameshafika kwenye kisa kingine. Mkewe, mwalimu mstaafu mwenye subira ndefu na ulimi mfupi, aliwahi kutuambia mbele yake, "Huko kwenye muziki mnamwita mwenye haki. Hapa nyumbani ndiye mwizi wa maji." Mzee akasema hilo linamkumbusha jambo, akaanza kisa.

Alikuwa pia na majivuno yake. Koti lake la ngozi hakuruhusu mtu kulishika. Alipenda kusifiwa na watalii walioshuka mlimani wakiwa wameungua pua, akajifanya hajasikia ili warudie. Na alikuwa na wivu kidogo kwa mtu yeyote aliyepiga haraka. Alisema haraka ni ya mbuzi kwenye mteremko, lakini niliwahi kumkuta peke yake akijaribu kupiga haraka, na aliponiona akajidai anapangusa nyuzi.

Mazoezi yetu yalikuwa alasiri, katika chumba changu ambacho ukuta wake wa nyuma unapakana na msikiti. Tangu siku ya kwanza Mzee aliweka sheria. Adhana ikianza, kila mtu anaweka kiganja juu ya nyuzi. Yeye, Mlutheri wa kuzaliwa, alikaa kimya akiinamisha kichwa mpaka mwadhini amalize. "Zamu ya jirani," alisema. Imamu alikuja siku moja kutuangalia. Tulidhani amekuja kulalamika. Alikuja kuuliza kama tutapiga harusi ya binti yake, ila kwa sauti ya chini. Mzee alipiga harusi ile kwa sauti ya chini, na wapo wanaosema hajawahi kupiga vizuri namna ile.

Besi alikuwa na ugomvi wake wa kudumu naye kuhusu hiyo lugha ya maji. Huko Chekereni mashamba ya mpunga yanamwagiliwa na maji yanayotoka huku juu, kwa hiyo Besi alijiona ana haki ya kuzungumza kwa niaba ya watu wote wa tambarare.

"Nyie wa juu mnahubiri zamu kwa sababu mnakunywa wa kwanza," alimwambia. "Sisi tunapata matope na nyimbo."

"Mpunga wako unapenda matope," Mzee akamjibu. "Na wewe unapenda nyimbo. Unalalamikia nini?"

Katika utani wa namna hiyo ndimo alimofundisha. Hakuwa na somo la kukalishwa chini. Alipenda kusema kwamba maji mengi hubeba udongo, akimaanisha solo ndefu inaondoka na wimbo. Alisema kelele si sauti kubwa. Kelele ni sauti isiyo na zamu. Na kuna neno moja aliloniambia mimi peke yangu, tukiwa tunakunja nyaya baada ya sherehe ya ubarikio wa vijana wa kanisani. Kabla sijakuambia, lazima ujue kwamba kwa miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kupiga solo hata moja. Alinipa nafasi mara nyingi, kwa kunitazama au kwa kunyamaza. Mimi nilitikisa kichwa na kuendelea na kodi zangu. Nilisema naridhika na ridhim, na ilikuwa kweli, naipenda kazi hiyo mpaka leo.

Siku ile akaniambia, "Ridhim, mfongo unaharibiwa na watu wawili. Yule asiyefunga, na yule asiyekuja kufungua. Wa kwanza tunamtukana. Wa pili tunamwita mpole."

Nikacheka. Yeye hakucheka, akaendelea kukunja waya wake.

Sasa turudi kwenye swali letu, maana vidole havikusubiri.

Vilianza na kile cha pete. Asubuhi za baridi kule Machame kilikataa kukunjika, akakipasha moto kwa kikombe cha chai kabla ya kupiga. Kisha kidole kidogo kikafuata. Akawa anapiga kwa viwili vilivyobaki, na kwa muda mrefu watazamaji hawakugundua, kwa sababu alichagua sauti chache zaidi na kuzivuta zaidi. Wapiga gitaa walizidi kumsifu. Walisema sasa amekomaa kabisa, haongezi hata chumvi. Sisi tuliosimama karibu tulijua kwamba nusu ya ukomavu ule ilikuwa maumivu.

Halafu Jumamosi moja, kwenye bustani ya hoteli, alivuta uzi kuelekea sauti ile ya juu ambayo watu walikuja kuisubiri, na hakuifikia. Ilibaki chini kidogo, imepinda. Akaivuta tena, ikagoma. Watalii walipiga makofi, hawakujua. Vijana watatu waliokuja na magitaa yao migongoni walitazamana, kisha wakatazama chini. Nadhani Mzee aliwaona.

Tulipokuwa tunapakia vyombo, Besi alinivuta pembeni. Mara ile hakuwa na utani.

"Mwambie wewe," alisema.

"Kwa nini mimi? Wewe ndiye unayemsema kila siku."

"Mimi nikimwambia atajua ni utani. Halafu wewe ndiye jirani wa chini yake. Maji yakitoka kwake, yanakwenda kwako."

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kumwambia mtu funga, wakati wewe mwenyewe hujasimama shambani kwako na jembe, ni kumwambia amwage maji njiani. Niliendelea kupiga kodi zangu, na nyumbani nikaanza kufanya mazoezi ya solo zake, mlango umefungwa. Nilizijua zote. Kumbe nilikuwa nimezijua siku nyingi. Vidole vilizikuta kama mtu anavyokuta njia ya kisimani gizani.

Ikaja Krismasi. Kwa watu wa huku Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Kutoka Dar, kutoka Mwanza, kutoka nje, wote wanapanda mlimani na watoto wao wasiojua Kichagga. Siku ya pili ya Krismasi kijijini kwa Mzee kuna sherehe kwenye uwanja wa kanisa, mchana, na bendi yetu hupiga pamoja na matarumbeta. Uwanja ulijaa. Vijana wa roki walikuja kutoka mjini, wamevaa makoti kama lake. Baridi ilikuwepo, wingu limekaa juu ya migomba, na niliona Mzee ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanywi.

Tulipiga nyimbo kadhaa, akajihifadhi. Kisha ukaja wimbo wake mwenyewe, ule unaojulikana, wenye solo baada ya ubeti wa pili. Ubeti ukaisha. Akafungua. Alipiga sauti nne tu, za chini, za vidole viwili, kila moja ameiacha isimame mpaka ikaribie kufa. Zilikuwa safi. Hata watoto waliacha kukimbizana. Watu wote walikuwa wanasubiri ile ya juu.

Badala yake kidole chake kidogo cha kulia kilizungusha kitufe, na kisigino kikakanyaga.

Nilidhani ameumia. Bendi ilikuwa inaendelea, besi na ngoma vinatembea, na katikati pale palipokuwa pake hapakuwa na mtu. Nilimtazama usoni nione maumivu, sikuyaona. Aliniinamia, akaongea karibu na sikio langu, polepole, kama mtu mwenye muda wote duniani.

"Ridhim. Maji yako yanapotea."

Nikafungua. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Nilizungusha kitufe kwa kidole kidogo, nikavuta pumzi, nikapiga. Nilidhani nitapiga solo yake. Nilikuwa nimejizoeza kwa ajili hiyo. Ilitoka yangu. Nilipofika kwenye sauti ya juu niliivuta, nikaiacha isimame, nikaitikisa ilipoanza kufa, na kutoka kwenye wale vijana nikasikia mtu anasema "Eee!" kama aliyemwagiwa maji.

Na ridhim? Ilikuwa imechukuliwa. Mzee alikuwa ameshika kodi zangu, kwa vidole viwili, akiruka zile asizoweza. Na alikuwa anakimbia. Mtu huyu aliyewashinda wote kwa kutulia, alipopewa ridhim alikwenda mbio kama mbuzi wake mwenyewe wa mteremko. Besi alimgeukia.

"Mzee, polepole. Ridhim si kushuka Machame."

"Nyamaza, wewe wa matope, ndiyo kwanza naanza kazi," Mzee akasema, na akacheka kwa sauti mpaka maikrofoni ikamnasa.

Nilikuwa nafurahi mno. Ndipo nilipokiona kisigino chake kikiinuka pembeni yangu na kukanyaga. Nilikuwa karibu kuzidisha. Nikakata pale pale, kiganja juu ya nyuzi, na kabla kimya hakijatua matarumbeta yakaingia yote kwa pamoja, katika ufunguo ule ule, nyuzi zetu zilizolegezwa zikiwa zimekaa sawa nayo. Wale vijana waliokuwa wakibishana miaka yote walitazama matarumbeta, wakatazama magitaa yao. Nadhani siku ile baadhi yao walielewa.

Nilikwenda kumwona baada ya sikukuu, watu wa Dar walipokuwa wameshateremka. Mkewe alinikaribisha, akaniambia mzee wake yuko nyuma ya nyumba na maji. Nikapita kati ya migomba. Alikuwa ameketi kwenye gogo kando ya mfongo, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa cha sufu, anatazama maji yakiingia shambani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Ridhim. Au tukuiteje sasa?"

"Ridhim inatosha."

Nilimwuliza kama alikuwa amepanga jambo lile. Akasema zamu haipangwi siku hiyo hiyo. "Ilikuwa yako zamani. Wewe ndiye uliyekuwa hujaja. Mimi nilikuwa nashika maji kwa mikono, nasubiri, na unajua mikono yenyewe ilivyo."

Nilijua kinachofuata. Nilisubiri aanze kisa, nilikuwa nimejiandaa chai ipoe. Hakuanza. Aligeuka akanitazama, akasema, "Hebu nieleze. Ilikuwaje, kutoka ndani?"

Nikamweleza. Nilieleza jinsi nilivyoogopa, jinsi vidole vilivyokwenda njia nyingine, jinsi ile sauti ya juu ilivyokuwa nzito na nyepesi kwa wakati mmoja. Niliongea muda mrefu. Nilitoka kwenye mada nikarudi. Hakunikatiza hata mara moja. Kimya kile kilidumu kiasi kwamba mkewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akachungulia kati ya migomba.

"Anaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Ananisikiliza."

Akamtazama mumewe, akanitazama mimi, akarudi jikoni polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Nilipomaliza, Mzee aliinuka, akachukua udongo na majani kwa mkono wa kulia, nikamsaidia na kipande cha mgomba, tukaziba. Kisigino akakanyaga mwenyewe. Maji yakasimama kidogo, yakafikiri, yakashuka kwa jirani.

Basi, wewe unayenisikiliza, chukua gitaa lako, au kama huna, chukua wimbo wowote unaoujua. Vuta pumzi na upige mpaka pumzi iishe. Kisha weka kiganja juu ya nyuzi, nyamaza, na umwache mwenzako aanze.